Seli za kongosho zinapandikizwa, lakini vidonge vyake vitafikaje Dzaleka?

DOWA, Malawi – Habari kwamba kisukari "kimepata dawa" hufika kambi ya Dzaleka kama habari nyingine zote: kwenye simu, kwa sauti iliyorekodiwa, bila jina la aliyeisema kwanza. Safari hii ina mzizi wa kweli. Juni 2025 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya wagonjwa 12 wa kisukari aina ya kwanza waliopewa dozi kamili ya seli za kutengeneza insulini, zilizokuzwa maabara na kampuni ya Vertex ya Marekani. Baada ya mwaka mmoja, 10 kati yao walikuwa hawachomi tena insulini.

Kuna sehemu ya habari hiyo ambayo haitumwi kwenye simu. Katika jaribio hilohilo watu wawili walifariki. Kifo kimoja kilitokana na maradhi ya ubongo ya kupoteza kumbukumbu. Kingine kilitokana na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi wa kriptokokasi, ugonjwa unaomvamia mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka. Na kinga ya mgonjwa huyo ilikuwa imeshushwa makusudi, kwa dawa, ili mwili wake usizikatae seli mpya.

Lilongwe inaufahamu ugonjwa huo kuliko Boston yalipo makao makuu ya Vertex. Hospitali Kuu ya Kamuzu ilikuwa miongoni mwa vituo vya utafiti wa AMBITION, uliofanyika Malawi, Uganda, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini kwa wagonjwa wenye VVU. Matokeo yake, yaliyotoka mwaka 2022, yalionyesha kwamba dozi moja kubwa ya amfoterisini ya aina maalumu, ikifuatiwa na vidonge vya wiki mbili, inafanya kazi sawa na matibabu ya zamani ya dripu ya siku nyingi. Fangasi huyo yumo katika mazingira tunamoishi, na kinachomzuia ni kinga ya mtu.

Kwa msomaji wa gazeti hili anayepita Kasumulu na Songwe na mzigo wa vitenge au vipuri, kisha akateremka barabara ya M1 kupitia Karonga, Mzuzu na Kasungu hadi Lilongwe, jambo hili si la mbali. Ndiye anayetumwa dawa na ndugu. Ndiye anayeulizwa kama huko aendako kuna hospitali inayotibu kisukari kikaisha. Na akiwa na mtoto mgonjwa, ndiye atakayefikiria kuuza mtaji wake kufuata habari ya kwenye simu.

Vijisiwa na ini

Kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula. Ndani yake kuna mafungu madogo ya seli yaliyotawanyika, ambayo Mjerumani Paul Langerhans aliyaeleza mwaka 1869 na ndiyo maana yanaitwa vijisiwa vya Langerhans. Mtu mzima ana vijisiwa kama milioni moja, lakini ukivikusanya vyote havizidi asilimia 2 hivi ya kongosho zima. Humo ndimo insulini inamotengenezwa. Katika kisukari aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huanza utotoni au ujanani, kinga ya mwili wenyewe huzigeukia seli hizo na kuzimaliza. Bila insulini ya sindano, mtu huyo hana muda mrefu.

Wazo la kupandikiza vijisiwa ni la zamani. Kongosho la mtu aliyefariki linayeyushwa kwa vimeng'enya, vijisiwa vinachujwa, kisha vinadondoshwa kama dripu kwenye mshipa unaopeleka damu kwenye ini. Hakuna kupasuliwa tumbo. Vikipata makao ndani ya ini, vinaanza kupima sukari ya damu na kutoa insulini vyenyewe. Mwaka 1990 madaktari wa St. Louis, Marekani, walieleza habari za mgonjwa aliyeweza kuacha sindano kwa muda kwa njia hiyo. Ila kwa miaka kumi iliyofuata, chini ya mgonjwa mmoja kati ya kumi ndiye aliyemaliza mwaka bila kurudi kwenye insulini.

Kilichobadilisha mambo mwaka 2000 ni dawa zaidi kuliko seli. James Shapiro na wenzake wa Edmonton, Kanada, walitangaza kwamba wagonjwa wao wote saba wameacha insulini. Waliongeza idadi ya vijisiwa, mara nyingi kwa kutumia makongosho ya wafu wawili au zaidi kwa mgonjwa mmoja, lakini pia walibadilisha dawa za kushusha kinga. Waliiondoa kabisa prednisoloni, dawa ya steroidi iliyozoeleka kwa kila aliyepandikizwa kiungo, wakaweka sirolimasi, takrolimasi kwa kipimo kidogo, na sindano za daklizumabi mwanzoni.

Sababu ya kuiondoa prednisoloni ni kwamba dawa hiyo inapandisha sukari. Takrolimasi nayo, ikizidi, inazidhoofisha seli zilezile zinazotoa insulini. Yaani mlinzi aliyewekwa kuzilinda seli dhidi ya kinga ya mwili anaweza kuziumiza yeye mwenyewe. Ndiyo maana wapo watu waliopandikizwa figo bila kuwa na kisukari hata siku moja, kisha wakakipata kutokana na dawa za kulilinda figo hilo. Kwa mgonjwa wa aina ya kwanza kazi ni mara mbili: dawa izuie mwili kukataa seli za mtu mwingine, na pia iizuie kinga iliyoziua seli za kwanza isirudie kazi yake.

Shangwe ya Edmonton ilipungua kadiri miaka ilivyokwenda. Ripoti ya mwaka 2005 ilionyesha kwamba baada ya miaka mitano ni kama asilimia 10 tu waliokuwa bado hawatumii insulini kabisa, ingawa wengi, karibu asilimia 80, walikuwa bado wana vijisiwa vinavyofanya kazi kwa kiasi. Hilo si dogo kwa mtu aliyekuwa akizimia usiku kwa sukari kushuka ghafla. Juni 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha tiba ya aina hiyo kutoka kwa wafu, iitwayo Lantidra. Kati ya watu 30 waliojaribiwa, 21 walikaa mwaka au zaidi bila insulini, 10 kati yao zaidi ya miaka mitano, na watano hawakuweza kuacha hata siku moja. Imeidhinishwa kwa watu wazima tu, tena wale ambao sukari yao inashuka hatari mara kwa mara licha ya uangalizi mkubwa. Mtoto hayumo.

Dawa zenyewe zina asili ambayo mfanyabiashara wa mazao angeipenda. Siklosporini ilitokana na fangasi wa kwenye udongo uliochukuliwa Norway. Sirolimasi ilitoka kwa bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui katika Pasifiki, uliochukuliwa na msafara wa wanasayansi wa Kanada mwaka 1964. Takrolimasi ilipatikana katika udongo wa Tsukuba, Japani, mwaka 1984.

Saa kumi na mbili kwa saa kumi na mbili

Takrolimasi ya kawaida hunywewa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kwa saa zilezile. Kipimo chake hakifuati kidonge wala uzito wa mtu, kinafuata damu. Mgonjwa anafika maabara asubuhi kabla ya kumeza, damu inatolewa, na kiasi cha dawa kilichobaki mwilini kinapimwa. Wagonjwa wa Edmonton walitakiwa wawe kati ya nanogramu 3 na 6 kwa kila mililita ya damu. Chini ya hapo mwili unaanza kuzikataa seli bila kelele wala maumivu. Juu ya hapo figo zinaumia, mikono inatetemeka, maambukizi yanaingia. Vipimo vya figo na vya wingi wa chembe za damu vinaambatana na hicho, na vinarudiwa maisha yote.

Sasa weka jambo hilo Dzaleka. Kambi hii ya wilaya ya Dowa ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda. Ilipangwa kwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni. Sheria ya Malawi inamtaka mkimbizi akae kambini na awe na kibali akitoka. Mei 2023 serikali iliwarudisha kwa nguvu wengi waliokuwa wamefungua maduka Lilongwe na miji mingine. Kituo cha afya cha Dzaleka kinahudumia kambi na vijiji jirani, na mgonjwa mzito hupelekwa hospitali ya wilaya ya Dowa au Kamuzu. Lilongwe si mbali, ni mwendo wa karibu saa moja kwa gari. Lakini kuifikia kila mara kwa siku iliyopangwa, asubuhi, kabla ya kumeza kidonge, ni jambo jingine.

Kisha kuna magonjwa yetu. Kifua kikuu kinatibiwa kwa rifampisini kwa miezi sita, na rifampisini huifanya ini iivunje takrolimasi kwa kasi hadi dozi ya kawaida isitoshe kitu. Mgonjwa anapona kifua huku seli alizopandikizwa zikifa, isipokuwa daktari aongeze dozi mara nyingi na kupima damu kila baada ya siku chache. Flukonazoli, dawa ya fangasi, inafanya kinyume: inaipandisha takrolimasi hadi iwe sumu. Erithromisini pia. Baadhi ya dawa za VVU zinapandisha, nyingine zinashusha. Hata balungi linapandisha. Kwa hiyo mtu anayetumia dawa hizi hawezi kuingia duka la dawa la sokoni, akaeleza homa yake na kupewa vidonge kwenye kikaratasi kama tunavyofanya wengi wetu.

Upandikizaji wa vijisiwa haufanyiki Malawi wala katika nchi za Afrika Mashariki. Anayekwambia unafanyika na anataka malipo ya awali anakuibia. Na hata kama kesho ungeanza, swali gumu lingekuwa la vidonge vya mwaka wa pili, wa tano, wa kumi.

Wanaozitumia tayari

Wapo watu katika njia zetu za biashara wanaoishi na dawa hizi hivi sasa. Ni waliopandikizwa figo. Muhimbili ilianza upandikizaji huo Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata Machi 2018, Mulago ya Kampala Desemba 2023. Kenya ilitangulia kwa miaka mingi. Wengine, Wamalawi wakiwemo, wamekwenda India na kurudi na orodha ya takrolimasi, mikofenolati na prednisoloni. Takrolimasi imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2021, lakini kuwa kwenye orodha hakuifanyi iwe kwenye rafu.

Wafanyabiashara wanajua kilichotokea Novemba 2023, kwacha iliposhushwa thamani kwa asilimia 44 kwa siku moja. Kila kilichonunuliwa kwa dola kilipanda, na dawa hizi hununuliwa kwa dola. Mwenye duka la viatu anaweza kusubiri dola zipatikane. Mwenye figo la kupandikizwa hana nafasi hiyo.

Ndipo mtu anapomwomba dereva au mama wa vitenge amletee kopo kutoka Dar es Salaam. Jambo la kibinadamu, ila lina masharti yake. Dawa iwe kwenye pakiti yake halisi, na jina la mgonjwa na barua ya daktari viende pamoja nayo. Kubeba dawa za kuuza bila kibali ni kosa pande zote mbili, kwa TMDA ya Tanzania na kwa mamlaka ya dawa ya Malawi, PMRA. Takrolimasi ya kiwanda kimoja isibadilishwe na ya kiwanda kingine bila daktari kujua na damu kupimwa, hata kama miligramu ni zilezile, kwa sababu tofauti ndogo katika namna mwili unavyoipokea inatosha kumtoa mtu kwenye kipimo. Vilevile kuna takrolimasi ya kumeza mara moja kwa siku na ya mara mbili, hazibadilishani. Mleta mzigo asijichagulie "ile ya bei nafuu".

Mpakani kuna jambo lingine ambalo wengi hawaambiwi. Chanjo ya homa ya manjano imetengenezwa kwa kirusi hai kilichodhoofishwa, na mtu aliyeshushwa kinga kwa dawa hapaswi kuchomwa. Asikubali kudungwa kwenye kibanda cha mpakani ili apate kadi ya njano apite. Anatakiwa kuwa na barua ya daktari, iliyosainiwa na kupigwa muhuri, inayoeleza kwa nini hachanjwi, na awe ameipata kabla ya safari. Kwa mtu anayekwenda Kongo mara kwa mara, kwa kweli hiyo ni sababu ya kufikiria upya njia yenyewe, maana barua haizuii mbu.

Na kwa kuwa tumetaja figo: Aprili 2025 Kenya ilisimamisha upandikizaji katika hospitali moja ya binafsi ya Eldoret, baada ya taarifa za vyombo vya habari vya Ujerumani kuhusu vijana maskini waliouza figo zao kwa wagonjwa wa nje. Sheria ya Uganda ya 2023 inakataza kuuza kiungo. Anayewafuata wakimbizi au wachuuzi wenye madeni kwa ahadi ya aina hiyo hatawanunulia dawa wala vipimo vya figo lililobaki.

Njia isiyo na vidonge

Wanasayansi wenyewe wanajua kwamba kizuizi ni dawa za kushusha kinga. Katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, mgonjwa mmoja alipandikizwa vijisiwa kwenye msuli wa mkono, seli zikiwa zimebadilishwa vinasaba ili kinga isizitambue. Hakupewa dawa yoyote ya kushusha kinga. Matokeo yaliyochapishwa Agosti 2025 yalionyesha kwamba baada ya wiki 12 seli zilikuwa hai na zinatoa insulini. Kiasi kilikuwa kidogo na mgonjwa anaendelea kuchoma sindano. Ni mtu mmoja tu. Lakini kwa mahali kama Dzaleka, huyu mmoja wa Uppsala ana maana kubwa kuliko wale 10 wa Vertex, kwa sababu njia yake ikifanikiwa haitahitaji maabara ya kila mwezi.

Wakati huo haujafika, na mgonjwa wa leo anaishi kwa insulini. Hapa kuna habari njema ambayo imetoka kambini, kwenye kambi ya wakimbizi ya huku kwetu. Madaktari Wasio na Mipaka, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva, walipima joto ndani ya nyumba za kambi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mwa Kenya, kisha wakaiweka insulini maabara katika joto hilohilo, likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Matokeo ya 2021: baada ya wiki nne insulini ilikuwa bado na nguvu yake. Maana yake ni kwamba chupa inayotumika inaweza kukaa nyumbani kusiko na friji, kwenye chungu chenye maji kivulini, na mgonjwa asitembee kila siku hadi kituo cha afya kwa ajili ya sindano. Akiba isiyofunguliwa bado inahitaji nyuzi 2 hadi 8. Insulini iliyoganda itupwe. Anayeibeba kwenye basi asiiweke mbele kwenye dashibodi wala karibu na injini; ifungwe katikati ya nguo, kwenye mkoba wa kubeba mkononi.

Tatizo la Dzaleka ambalo chungu hakitatui ni chakula. Mgao umekuwa ukipunguzwa kadiri fedha za wafadhili zinavyopungua, na insulini bila chakula huishusha sukari hadi mtu azimie. Mama asiye na uhakika wa chakula cha jioni hupunguza dozi ya mtoto kwa kuogopa usiku. Kisha sukari inapanda kwa siku nyingi, macho na figo vinaumia polepole, na miaka 15 baadaye anatafutwa wa kumpa figo.

Agosti 2022, mjini Lomé, mawaziri wa afya wa Afrika waliukubali mpango wa PEN-Plus, unaopeleka matibabu ya kisukari aina ya kwanza, selimundu na magonjwa ya moyo ya watoto hadi hospitali za wilaya, yakitolewa na wauguzi na matabibu waliofundishwa. Rwanda ilianza mapema kazi ya namna hiyo. Malawi ina kliniki za aina hiyo wilayani Neno tangu 2018. Ni kazi ya kawaida kabisa: vijiti vya kupimia sukari, insulini isiyokatika, muuguzi anayewajua wagonjwa wake kwa majina.

Na kuna watoto ambao hawafiki hata kwenye insulini, kwa kuwa wanafariki wakitibiwa malaria. Dalili ni kiu isiyokatika, kukojoa sana, mtoto aliyeacha kukojoa kitandani kuanza tena, kukonda huku anakula, kisha kutapika, kupumua kwa nguvu na pumzi yenye harufu ya matunda yaliyoiva mno. Mwenye dalili hizo apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo na mzazi aombe kipimo cha sukari, hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha ugonjwa. Kinahitaji tone moja la damu ya kidole, na jibu linatoka ndani ya sekunde chache.